Mbuni, Buni na Kahawa: Safari ya Mkulima Mdogo wa Uganda

Kiswahili hutofautisha mambo matatu: mti ni mbuni, mbegu zake ni buni, na kinywaji ni kahawa. Yashike maneno hayo, kwa maana yanabeba historia ya mkulima wetu mdogo. Yeye hupanda mbuni na kuuza buni, lakini tangu enzi za ukoloni bei imeamuliwa mbali na shamba lake.

Mbuni wa robusta si mgeni Uganda. Uliota wenyewe misituni kandokando ya Ziwa Viktoria, na Baganda walitafuna buni pamoja walipofunga undugu wa kuchanjiana. Arabika ndiyo iliyoletwa, ikastawi katika miteremko ya Mlima Elgon.

Chini ya ukoloni, mkulima alilima kahawa na pamba, ilhali viwanda na biashara ya nje vilikuwa mikononi mwa wageni. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Yeye alichumia juani, wengine wakala kivulini. Mwaka 1946 sheria iliruhusu vyama vya ushirika kuandikishwa, lakini chini ya uangalizi mkali wa serikali. Aprili 1949 wakulima wa Buganda waliandamana na ghasia zikazuka. Walidai haki ya kuuza mazao yao wenyewe, na pia ya kuchagua wawakilishi wao. Ignatius Musazi, aliyeongoza chama cha wakulima, alishiriki mwaka 1952 kuanzisha chama cha siasa, Uganda National Congress. Unaona? Dai la bei lilizaa dai la uhuru.

Mwaka 1954 wakulima wa Mlima Elgon wakaunda Bugisu Co-operative Union, yenye makao yake Mbale. Buni za mashamba madogo zilikusanywa, zikapimwa na kuuzwa kwa sauti moja.

Baada ya uhuru, bodi ya serikali ilihodhi uuzaji wa kahawa nje ya nchi. Kisha mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliogawa viwango vya mauzo ulivunjika, na bei duniani ikaporomoka. Mwaka 1991 Uganda ilianza kufungua soko kwa wafanyabiashara binafsi. Mkulima akapata wanunuzi wengi, lakini mara nyingi husimama mbele yao peke yake. Muhula ukifunguliwa na karo ikidaiwa, wapo wanaouza mavuno mbuni ungali una maua, kwa bei ya kutupa.

Huenda karo yako mwenyewe imetoka katika maua hayo. Basi ukirudi nyumbani likizo, hudhuria mkutano wa ushirika pamoja na wazazi wako. Isome mizani, uliza hesabu, na usione haya kuuliza mara ya pili. Elimu isiyomfaa aliyeilipia ni deni lisilolipwa.