Giacomo Conterno: Nusu Karne ya Shamba la Francia

Mwaka 1974 Giovanni Conterno alinunua shamba la hekta 14 huko Serralunga d'Alba, katika mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Sehemu kubwa ya shamba hilo ilikuwa ya ngano. Familia yake ilikuwa imekwisha kutengeneza mvinyo mwekundu kwa zaidi ya nusu karne, na mvinyo wao ulikuwa na heshima kubwa kote Italia. Walichokosa ni ardhi. Zabibu walizosindika walizinunua kwa wakulima wa vilima vya jirani. Nusu karne nyingine imepita tangu ununuzi ule, na ndiyo sababu inafaa kuikumbuka historia ya nyumba hii, ambayo ilijua vizuri kutunza mvinyo kabla haijawa na shamba lake.

Barolo ni jina la kijiji, na pia ni jina la mvinyo unaotengenezwa kwa zabibu aina ya Nebbiolo peke yake katika vilima vya Langhe, ndani ya mipaka ya wilaya ndogo 11. Nebbiolo huchelewa kuiva. Mara nyingi huvunwa mwezi wa Oktoba, na zabibu zake hutoa mvinyo wenye ukakasi mkali. Ukinywewa ungali mchanga hukausha ulimi na fizi. Ukiachwa miaka mingi, ukakasi hulainika, nao mvinyo hutoa harufu ambayo wenyeji huifananisha na waridi na lami. Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayetengeneza Barolo ni moja: atasubiri muda gani?

Familia ya Conterno ilianza na mgahawa. Mwaka 1908 Giovanni, babu wa yule aliyenunua shamba, alikuwa akiuza mvinyo San Giuseppe, kitongoji cha Monforte d'Alba. Mwanawe Giacomo aliporudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, Barolo nyingi ziliuzwa kwa pipa au kwa chupa kubwa za kupimia, ili zinywewe mapema. Giacomo akaamua kwenda kinyume. Aliacha maji ya zabibu yakae na maganda kwa wiki nyingi, akauweka mvinyo katika mapipa makubwa ya mbao kwa miaka, kisha akautia chupani mwenyewe ili uweze kudumu kwa miongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alitoa mvinyo wake mashuhuri kuliko yote, Monfortino. Kwa mfanyabiashara asiye na mali nyingi, huo ulikuwa uamuzi mzito, kwani mvinyo ulio pipani hauleti fedha nyumbani.

Mwaka 1961 Giacomo aliwakabidhi kazi wanawe wawili, Giovanni na Aldo. Aldo alikuwa ameishi Marekani na kutumikia jeshi la huko, akarudi na mawazo yake. Mwaka 1969 ndugu hao walitengana kikazi. Aldo alianzisha nyumba yake Bussia, palepale Monforte, na hadi kifo chake mwaka 2012 alihesabiwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa Barolo. Giovanni alibaki na jina la baba, na pamoja nalo Monfortino.

Ni Giovanni huyu aliyeiona hatari iliyokuwa ikikaribia. Wakulima waliozoea kuuza zabibu walikuwa wanaanza kutengeneza na kutia chupani mvinyo wao wenyewe. Nyumba iliyotegemea zabibu za watu ingebaki na mapipa matupu, au ingelazimika kuchukua zilizokataliwa na wengine. Alipolinunua shamba la Francia alipanda upya mizabibu, Nebbiolo na Barbera, akangoja ikue. Mavuno ya 1978 ndiyo yaliyotoa Barolo ya kwanza iliyobeba jina la Cascina Francia, na tangu mwaka huo Monfortino nayo ikawa inatoka katika shamba hilo.

Desturi ya zamani ilikuwa kuchanganya zabibu za vijiji mbalimbali, mteremko mmoja ukifidia upungufu wa mwingine. Kuandika jina la shamba moja kwenye chupa lilikuwa jambo jipya. Nyumba za Vietti na Prunotto zilikuwa zimelianza mwaka 1961. Anayefanya hivyo hana pa kujificha. Mvua ya mawe ikipiga mteremko wake, ameumia. Jua likizidi, ladha yake itasema. Udongo wa Serralunga wenye chokaa nyingi hutoa mvinyo mgumu, unaochelewa kufunguka kuliko wa vijiji vingi vya Barolo. Ulilingana kabisa na njia aliyoichagua Giacomo.

Miaka ya 1980 na 1990 njia hiyo ilipingwa. Watengenezaji vijana walianza kutumia mapipa mapya ya lita 225 na kupunguza siku za kukaa na maganda, ili Barolo iwe laini mapema na ipate soko nje. Wengi wao walifanikiwa, na si haki kuwabeza. Giovanni hakubadilika. Barolo yake ya kawaida iliendelea kukaa takriban miaka minne katika mapipa makubwa ya maelfu ya lita, na Monfortino takriban miaka saba, ingawa sheria leo hudai miezi 38 kwa Barolo na 62 kwa ile ya akiba, yaani Riserva. Monfortino iliachwa ichachuke bila kupozwa, joto lipande litakavyo. Njia hiyo humtaka fundi awe macho usiku na mchana, maana kosa moja huharibu mavuno yote.

Mwaka 2002 mvua na mawe viliharibu sehemu kubwa ya mavuno ya Langhe, na nyumba nyingi hazikutoa mvinyo wao bora. Francia iliponea. Giovanni aliamini kwamba zabibu zake zinastahili Monfortino, akazitengeneza hivyo. Alifariki mwaka 2004, mvinyo ungali pipani. Mwanawe Roberto, aliyekuwa akifanya kazi naye kwa miaka mingi, ndiye aliyeutoa, na mavuno hayo ambayo wengi walikuwa wameyakatia tamaa yakawa miongoni mwa yale yanayosifiwa sana katika historia ya nyumba.

Roberto amepanua mashamba bila kugusa kanuni. Mwaka 2008 alinunua hekta tatu huko Cerretta, pia Serralunga. Mavuno ya kwanza ya Nebbiolo ya hapo hayakuuzwa kama Barolo. Jina la Barolo Cerretta lilianza na mavuno ya 2010. Mwaka 2015 akaongeza Arione, jirani na Francia, na mwaka 2018 akaichukua nyumba kongwe ya Nervi huko Gattinara, kaskazini mwa Piemonte, ambako pia Nebbiolo hulimwa.

Mtu akiitazama historia hii yote anaona kwamba ardhi ilikuja baadaye, ije kuulinda uamuzi uliokwisha fanywa mgahawani: kusubiri, hata pale soko linapodai haraka. Uamuzi huo una gharama hadi leo. Kuna miaka ambayo Monfortino haitolewi kabisa kwa sababu zabibu hazikufikia kiwango, na familia hukubali kukosa mapato ya chupa yake ya thamani kuliko zote. Jina la Conterno limejengwa na mavuno makubwa, na limejengwa vilevile na miaka hiyo ambayo hawakutoa kitu.