Asili ya Jina la Askofu Spiss

Kila nifundishapo wakatekumeni habari za mwanzo wa misioni zetu, hufika siku ya kutaja jina la Askofu Cassian Spiss. Hapo kijana mmoja huuliza: "Mwalimu, yasemwa jina hilo kwa Kidachi maana yake ni mkuki, naye aliuawa kwa mikuki. Je, jina lake lilimtabiria kifo?" Swali hili lastahili jibu jema, kwa maana huku kwetu, tangu Mikindani hata mlango wa Ruvuma, mtoto hapewi jina bila kufikiri.

Kwanza tujue huyu alikuwa nani. Alizaliwa mwaka 1866 katika kijiji cha St. Jakob am Arlberg, milimani Tirol, nchi ya Austria, ambako watu husema Kidachi. Akawa mmonaki wa Mtakatifu Benedikto, na mwaka 1898 akaanzisha misioni ya Peramiho. Mwaka 1902 alifanywa askofu wa vikariati ya Zanguebar ya Kusini, iliyoenea kusini hata Ruvuma. Na Jimbo letu la Mtwara, lililosimamishwa mwaka 1972, limetoka katika shina lile. Tarehe 14 Agosti 1905, akiwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho, aliuawa Mikukuyumbu, upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza. Mikuki ile ililetwa na ghadhabu ya kodi na ya kazi ya lazima katika mashamba ya pamba, wala haikuletwa na jina.

Basi jina lenyewe lilitoka wapi? Hapo kale Wadachi hawakuwa na majina ya ukoo. Kila mtu alikuwa na jina moja tu. Lakini miji ilipokua, kuanzia karne ya 12, Johann walikuwa wengi mno mtaani, ikawa lazima kuwapambanua. Mmoja aliitwa kwa kazi yake, kama Schmidt, yaani mhunzi. Mwingine kwa mahali akaapo. Mwingine kwa baba yake. Jina Spiss lina njia mbili. Laweza kutoka katika neno la mkuki, likawa la mtu aliyeshika mkuki au aliyeutengeneza. Tena laweza kutoka katika neno la ncha, likawa la mtu akaaye penye ardhi iliyochongoka. Na kweli huko Tirol kipo kijiji kiitwacho Spiss, katika wilaya ile ile alikozaliwa Askofu.

Wenzake nao walikuwa na majina ya namna hiyo. Bruda Gabriel aliitwa Sonntag, ndiyo Jumapili, kama vile watu wa pwani waitwavyo Juma na Hamisi. Bruda Andreas aliitwa Scholzen, jina litokalo katika cheo cha mkuu wa kijiji, kama jumbe wetu.

Majina hayo yalibadilika-badilika mpaka yalipofungwa na daftari. Mtaguso wa Trento, uliokwisha mwaka 1563, uliwaamuru maparoko kuandika ndoa katika kitabu, na vitabu vya ubatizo vikaenea pamoja navyo. Tangu hapo mwana wa Schmidt, hata akiwa fundi cherehani, alibaki Schmidt. Alhasili, jina la Spiss halikumweleza Askofu alivyo, wala halikumtabiria neno. Alilirithi tu, kama mtu arithivyo shamba la babu.

Hivi ndivyo niwajibuvyo vijana. Kisha nami huwauliza: "Na wewe, nihimo lako ni lipi?" Wengi hunyamaza.

Ndugu zangu, Wamakua wana nihimo, Wayao wana lukosyo, Wamakonde wana litawa. Ukoo huo wapita kwa mama, na kwa huo mtu ajua ndugu zake ni akina nani, na ni nani asiyeweza kumwoa. Lakini katika vyeti mtoto huandikwa kwa jina la baba, na jina hilo ndilo analokwenda nalo shuleni na kazini. Silaumu jina la baba. Nasema tu kwamba kalamu ina nguvu: lile iliandikalo hukaa, na lile iliachalo hufa pamoja na bibi aliyelijua.

Kwa hiyo mimi, nipokeapo habari za mtoto wa kubatizwa, humwuliza mama nihimo lake, nikaliandika kwa penseli kando ya jina lake. Ni kazi ya dakika moja. Nanyi wazazi, msingoje kuulizwa: waambieni watoto wenu, kabla wazee hawajaondoka nalo.