Mwanga na Mpangilio katika Upigaji Picha wa Nje

Upigaji picha wa nje ni upigaji unaofanyika mahali ambapo chanzo kikuu cha mwanga hakimtii mpigapicha. Studioni taa husogezwa. Nje, jua hubaki lilipo, naye huchagua saa, upande wa kusimama, kiasi cha mwanga kinachoingia kwenye kamera na vitu vitakavyobaki ndani ya fremu. Mafunzo mengi hutenganisha mwanga na mpangilio, lakini kazini viwili hivyo huamuliwa pamoja. Mchana wa jua kali una weupe na giza kupita uwezo wa kamera, hivyo mara nyingi lazima kitu kiachwe kipotee.

Mwanga hudhibitiwa kwa njia tatu: ukubwa wa tundu la lenzi, kasi ya shata, na wepesi wa filamu au kihisi, unaotajwa kwa namba ya ISO. Kila hatua kamili, maarufu kama stopu, huongeza mwanga mara mbili au huupunguza kwa nusu. Kanuni ya zamani, ambayo bado inafaa pale kipimamwanga kinapokosekana, husema kwamba jua likiwaka wazi tundu liwe f/16, na kasi ikaribiane na namba ya ISO: ISO 100, kasi 1/100 ya sekunde. Wingu jepesi likitanda, tundu hufunguliwa hadi f/11.

Kipimamwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Hukichukulia kilicho mbele yake kuwa kijivu cha wastani. Ndiyo maana mchanga mweupe wa ufukwe wa Paje, Zanzibar, au safu za kanzu siku ya Idi, huweza kutoka na rangi ya majivu hadi mpigapicha aongeze stopu 1 au 2. Nyati mweusi aliyejaza fremu huleta kinyume chake: hutoka amepauka, na dawa yake ni kupunguza.

Tatizo la kawaida zaidi ni uso mweusi mbele ya anga jeupe. Kamera huhesabu anga, uso ukazama gizani. Ukipimwa uso peke yake, anga linaungua. Mara nyingi suluhisho ni kuhama. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, mtu akiketi barazani upande wenye kivuli, huku ukuta wa chokaa ulio mkabala ukipigwa na jua, mwanga laini humrudia usoni, na nyuma yake kunabaki mlango wa mbao badala ya anga. Mpangilio umekwisha kupunguza kazi ya kipimamwanga.

Karibu na ikweta saa ya siku ina uzito wake. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini, hupitiwa na jua la utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba. Saa sita mchana macho hujaa vivuli. Jioni jua hushuka karibu wima, kwa hiyo mwanga wa dhahabu hupita haraka kuliko wakati wa kiangazi kaskazini mwa Ulaya. Fremu inafaa iwe tayari kabla haujafika.

Mpangilio wenyewe huanza na kuondoa. Katika studio yake ya Bamako, aliyoifungua mwaka 1948, mpigapicha Seydou Keïta alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa jua, akitundika kitambaa chenye nakshi nyuma ya mteja ili mengine ya nyuma yasionekane. Mpigapicha Martin Munkácsi alifika mbali zaidi. Katika picha yake ya karibu mwaka 1930, inayojulikana kwa jina la Wavulana Watatu katika Ziwa Tanganyika, miili inayokimbilia mawimbi imebaki vivuli vyeusi. Maumbo na mwendo ndivyo vinavyoonekana. Mpigapicha mwenzake Henri Cartier-Bresson aliitaja kuwa picha iliyomwasha.

Mfano maarufu wa uamuzi wa haraka ni wa mpigapicha Ansel Adams. Jioni ya Novemba 1, 1941, huko Hernandez, New Mexico, Marekani, aliona mwezi umechomoza na misalaba ya makaburi iking'aa kwa jua la mwisho. Kipimamwanga hakukiona. Alikumbuka mng'ao wa mwezi, kandela 250 kwa futi mraba, akakokotoa: f/32, sekunde 1. Alipojiandaa kupiga ya pili, jua lilikuwa limeiacha misalaba. Mwezi ulisalimika, lakini sehemu ya chini ya negativu ilikuwa hafifu, na mwaka 1948 aliitia dawa ili kuikoleza.

Kwenye negativu, kivuli kilichokosa mwanga hakina cha kuokolewa, hivyo wapigapicha wa filamu hupima vivuli kwanza. Kihisi cha dijitali hugeuza tahadhari hiyo: weupe ukishaungua haurudi, ilhali giza huweza kuinuliwa kwenye kompyuta, hasa faili ikiwa ghafi, japo kwa gharama ya chengachenga. Mpigapicha wa dijitali hutazama histogramu, yaani grafu ya mgawanyo wa giza na mwanga, na kulinda kwanza sehemu yenye mwanga mkali zaidi.