Klorokwini ya Mara na seli inayojila

Kwenye kihamba cha Kilema huoni jalala. Ndizi zikishavunwa, mgomba unakatwakatwa na kupewa ng'ombe, samadi inarudi shambani, na mgomba mwingine unanenepa. Seli zako zinafanya kitu kama hicho muda huu unaposoma. Protini iliyoharibika inafungwa kwenye kifuko, inapelekwa kwenye laisosomu (tumbo la seli, lina asidi kabisa), inameng'enywa, halafu malighafi yake inatumika upya. Mwaka 1963 Mbelgiji Christian de Duve aliuita mchakato huu otofaji, kutoka Kigiriki: kujila mwenyewe.

Jeni zake zilianza kujulikana miaka ya 1990, Yoshinori Ohsumi wa Japani alipoinyima chakula hamira, ndiyo, hiyo hiyo ya maandazi, akaiona ikijila. Alipata Nobel mwaka 2016. Upande wa uzee, mwaka 2003 ilionekana kwamba minyoo ya maabara iliyobadilishwa jeni ili iishi muda mrefu hupoteza faida hiyo otofaji ikizimwa.

Saratani ndiyo inayochanganya. Mwaka 1999 timu ya Beth Levine huko Marekani ilionyesha kuwa beclin 1, jeni ya otofaji, huwa pungufu kwenye saratani nyingi za matiti. Kumbe usafi unakinga! Ila uvimbe ukishaota, seli zake zenye njaa hujiokoa kwa usafi huo huo.

Sasa tushuke mlimani twende Mara, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto. Baadaye aliona kuwa ni nadra kwenye miinuko yenye baridi na unaandama maeneo ya malaria. Ili kupima uhusiano huo, kati ya 1977 na 1982 watoto wa North Mara (leo Tarime na Rorya) waligawiwa klorokwini, vile vidonge vichungu ambavyo wazazi wetu wanavikumbuka kwa kuwashwa mwili. Ugonjwa ulishuka hadi 0.5 kwa kila 100,000 mwaka 1980 na 1981. Mwaka 1984, vidonge vikiwa vimekoma, ulipanda hadi 7.1.

Ushindi? Taratibu kwanza. Ulikuwa umeanza kushuka kabla ya vidonge. Na baada ya miaka miwili ya mwanzo malaria ilipanda tena, vidonge vikiendelea kugawiwa, lakini uvimbe ukabaki chini.

Hapo otofaji inaingia, maana klorokwini hupunguza asidi ya laisosomu na takataka zinakwama. Mwaka 2008 watafiti Marekani walionyesha kuwa dawa hiyo huchelewesha limfoma kwa panya wenye hitilafu ya jeni ya Myc, jeni ile ile inayovurugika kwenye uvimbe wa Burkitt. Mimi naipenda dhana hii, ila takwimu za Mara haziwezi kuithibitisha: kule zilihesabiwa homa na uvimbe, siyo laisosomu.

Tanzania iliiondoa klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, imejaribiwa kwa wagonjwa pamoja na dawa za saratani. Ugumu ni kwamba kidonge hakichagui laisosomu ya kuzima, na moyo na ubongo wa mgonjwa huyo huyo navyo vinahitaji kuzolewa taka kila siku.