Fahamu: Kwa nini majiko ya kale huchimbwa kabla ya barabara kujengwa

Barabara ya Kilwa inapita Temeke na Mbagala na kuelekea kusini kwenye ardhi iliyokaliwa na wakulima na wahunzi tangu karne za kwanza baada ya Kristo. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba huko. Limbo alikuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma. Mkukutu, upande wa Kibiti, zilipatikana shanga za kioo ambazo mwaka 1999 alizieleza kuwa za Kirumi.

Wakazi hao hawakuacha majumba ya mawe kama ya Kilwa Kisiwani. Waliacha vigae, mavi ya chuma na majivu.

Shimo la kupikia ni nini?
Ni shimo fupi linalowashwa moto wa kuni pamoja na mawe. Mawe yakishika moto, chakula kinawekwa, kinafukiwa na kuiva taratibu. Baada ya karne nyingi linabaki doa jeusi tu, lenye mkaa na mawe yaliyopasuka. Norway na Denmark mengi yamegunduliwa wakati ardhi inakaguliwa kabla ya ujenzi. Jiko la mafiga nalo huacha alama: majivu, udongo ulioiva kwa moto na vigae vya vyungu.

Linachimbwaje?
Udongo wa juu unaondolewa, doa linapimwa na kupigwa picha. Nusu yake inachimbwa kwanza ili matabaka yaonekane, kisha nusu ya pili. Udongo unachekechwa kutafuta mifupa ya samaki, mwingine unatiwa kwenye maji ili mbegu zilizoungua zielee. Mkaa unapelekwa maabara kupimwa umri kwa kaboni 14. Kijiti au mbegu ni bora kuliko gogo, maana mti mzee hufanya jiko lionekane la zamani kuliko lilivyo.

Sheria inasemaje?
Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu na miundo ya watu ya kabla ya 1863, hata majalala. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa, zikiwemo barabara, ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza. Hapo ndipo wanaakiolojia hupata nafasi ya kukagua njia, pamoja na machimbo ya kifusi yaliyo nje ya barabara.

Kwa nini mapema?
Ghofu la mawe barabara inaweza kulikwepa, kwa sababu linaonekana. Doa la majivu halionekani mpaka greda lilikate, na likishakatwa ndiyo basi.

Ukikuta vigae au majivu ya kale
Usichimbe wala kuokota. Piga picha, kumbuka mahali, toa taarifa serikali ya mtaa, Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Kigae kikitolewa mahali pake, inakuwa vigumu kusema kilipikiwa nini, na lini.