Kamembe, kiwanja cha mji wa ng'ambo

Abiria wa Brussels anayekuja Rusizi, magharibi mwa Rwanda, akipata ndege isiyotua njiani, hukaa angani zaidi ya saa 8 mpaka Kigali. Hizo ni kilomita zinazokaribia 6,400. Akishuka na kupanda basi, atakaa kitini saa nyingine 5 au 6 kumaliza kilomita 200 na ushei zilizobaki: Huye, Nyamagabe, kisha kona za msitu wa Nyungwe, pale mgongo wa milima unapogawa mvua, huku ikishuka kuelekea Nile na huku Kongo. Ndege ya kutoka Kigali kwenda Kamembe, kiwanja cha Rusizi, hukata kilomita kama 147 tu kwa nusu saa hivi. Unafunga mkanda, unaona msitu, unaona Ziwa Kivu, umefika.

Hesabu hii ya ajabu ina historia yake. Tarehe 12 Februari 1925, rubani Mbelgiji Edmond Thieffry aliondoka Brussels na wenzake wawili, Léopold Roger na fundi Joseph De Bruycker, kwa ndege ya injini 3. Walifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Siku 51! Saa walizoruka hasa hazikuzidi 76. Siku nyingine zote zilikwisha ardhini. Na hata hapo, Kivu ilikuwa bado kilomita 1,500 mashariki. Thieffry alirudi kujaribu njia za ndani ya Kongo, akafa kwa ajali karibu na Ziwa Tanganyika mwaka 1929. Mwaka 1935 shirika la ndege la Sabena lilipoanza safari za ratiba kutoka Ubelgiji hadi Kongo, safari ilichukua siku 5 na nusu.

Huku kwetu, aliyefaidika na Kamembe zamani hakuwa mtu wa Cyangugu, kama Rusizi ilivyoitwa. Ilikuwa Bukavu, mji wa ng'ambo ya mto Ruzizi uliojulikana kama Costermansville. Mkoloni alikuwa mmoja pande zote mbili, hivyo hakuona tabu mji kuwa Kongo na kiwanja chake kuwa Ruanda-Urundi. Msafiri alitua Kamembe, akavuka daraja, akalala Bukavu.

Kisha Kongo ikapata uhuru 30 Juni 1960, na Rwanda 1 Julai 1962. Kiwanja hakikusogea hata hatua moja, ila sasa kilikuwa nchi nyingine. Bukavu ikategemea Kavumu, kilomita 30 hivi kaskazini mwake. Kamembe, yenye barabara ya kurukia ya mita 1,500, ikabaki kiwanja cha ndege za mapangaboi, kama zile Dash 8 za RwandAir.

Februari 2025 ramani ikajikunja tena. Kongo ilifunga anga lake kwa ndege zilizosajiliwa Rwanda, na ndege za RwandAir za kwenda London na Paris zikalazimika kuzunguka. Siku chache baadaye waasi wa M23 wakaiteka Kavumu, kisha Bukavu yenyewe. Kwa rubani wa Kamembe, ng'ambo ya mto iko karibu mno: anga ambalo hakuruhusiwa kuligusa lilianzia mahali ambapo abiria wake, akishuka, angefika kwa moto, yaani pikipiki, kwa nauli ndogo tu.