Mnazi wa Nani, Ardhi ya Nani?

Muulize mzee wa pwani shamba lake ni kubwa kiasi gani. Wengi hawatataja ekari. Watakwambia minazi mia mbili, au minazi themanini na miembe kumi na tatu. Hesabu hiyo ya miti ndiyo inayozua ugomvi mwingi siku hizi ambapo mashamba yanakatwa ploti.

Kwa desturi yetu, mti na ardhi ni mali mbili. Mtu aweza kuwa na minazi ndani ya shamba la mwenzake. Humwita mkwezi, akaangua nazi zake akauza, na mwenye ardhi hana la kusema. Ni jamaa wa ile nyumba bila ardhi ya Mombasa, ambapo kuta ni zako na kiwanja ni cha mwengine. Miti huuzwa peke yake, huwekwa rehani, huwekwa wakfu kwa ajili ya msikiti, na hurithiwa kwa mafungu ya sheria, mtoto wa kike akipata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume.

Nyanya yangu hakuwa na ardhi hata kipande. Alikuwa na minazi saba, urithi wa babake, kwenye shamba lililokwisha kuwa la watu wengine. Kila miezi mitatu hivi iliangukwa. Nazi ziliuzwa, makuti yalishonwa, vifuu vikawa kuni, na makumbi alipewa jirani aliyesokota kamba za usumba. Mwanamke asiye na hati yoyote alisomesha watoto kwa miti saba! Mnazi mrefu huanza kuzaa baada ya miaka sita au saba na huendelea kwa zaidi ya miaka sitini, kwa hivyo mti mmoja huweza kulisha vizazi vitatu.

Serikali ya kikoloni ilikuja na fikira yake, kwamba kilichoota ardhini ni cha mwenye ardhi. Sheria ya hatimiliki ya 1908, iliyotumika huku pwani, iliacha mlango mdogo. Cheti cha umiliki kilihesabiwa kumpa mwenyewe ardhi pamoja na miti na majengo yaliyomo, isipokuwa cheti chenyewe kiwe kimeandikwa vyengine. Hapo ndipo penye mwiba. Aliyepanda kwa ruhusa ya mdomo, mbele ya mashahidi wawili ambao sasa ni marehemu, angejuaje kwamba kuna kuandikisha? Sheria ile ilifutwa mwaka 2012 ilipokuja ya usajili wa ardhi, lakini madai yaliyozaliwa nayo yangali hai, na maskwota wengi wa Kilifi na Kwale wanaishi chini ya mikanju na miembe waliyoipanda wenyewe kwenye ardhi yenye jina la mtu mwengine.

Wanasheria wengine huniambia desturi hii imepitwa na wakati. Sikubali. Miradi mikubwa inapopita, wathamini wenyewe huhesabu miti, mmoja mmoja. Ikiwa mti una bei yake wakati wa kulipwa fidia, basi una mwenyewe wakati wa kuuzwa shamba.

Ikiwa shamba la kwenu linakaribia kuuzwa, ingieni pamoja na ndugu na majirani mkahesabu kabla ya mpimaji kufika. Andikeni aina (ngowe, boribo na dodo hazina bei moja), umri, aliyepanda na anayeangua sasa. Pigeni picha. Mtakeni wakili aitaje miti ndani ya mkataba, na aseme waziwazi ni ya nani, au ni nani atakayelipwa kwa ajili yake. Wakfu usiuzwe kimyakimya; kuna Tume ya Wakfu, aulizwe kadhi pia.

Na msiiache miche. Mwembe wa kupandikiza huzaa mwaka wa tatu au wa nne, na mnunuzi analijua hilo.